Kitenzi cha Kiingereza na Yambwa Yake: Madai Yasiyosimama

Kuna sarufi ya Kiingereza inayozunguka Afrika Mashariki bila jina la mwandishi. Hutaikuta yote katika kitabu kimoja. Iko ubaoni, iko kwenye madaftari ambayo mdogo mtu amerithi kwa kaka yake, iko kwenye vijitabu vya kujiandaa na mitihani, na siku hizi iko kwenye sauti zinazorushwa katika makundi ya WhatsApp. Ni madai mafupi, mepesi kukariri, na mengi yanahusu jambo moja: kitenzi ni nini, na ile nomino iliyo karibu nacho ina uhusiano gani nacho.

Nayapinga kwa sababu yanawaumiza vijana wasio na upungufu wa akili wala wa bidii. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, kemia na jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Kanuni mbovu ya kitenzi haimponzi katika mtihani wa Kiingereza peke yake. Inamfuata hadi kwenye karatasi ya biolojia, na baadaye hadi kwenye barua ya kuomba kazi.

Nianze na dai ambalo wote tulilipokea tukiwa wadogo: kitenzi ni neno linalotaja tendo. Chukua "The box contains books." Sanduku limetulia, halifanyi lolote, na bado "contains" ni kitenzi kamili. Chukua "Kamau owns a shop." Kamau anaweza kuwa amelala fofofo na duka likabaki lake vilevile. Upande wa pili, "theft", "arrival" na "explosion" yanataja matendo, tena mengine makubwa, lakini yote ni nomino. Cha ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo ameshafundishwa vitenzi vishirikishi katika kipindi cha Kiswahili, na hakuna aliyemwambia kwamba "ni" katika "Juma ni mwalimu" inatenda jambo kama kupiga au kukimbia.

Kitenzi hutambulika kwa umbo na tabia yake. Cha Kiingereza hupokea "-s" kiima kikiwa nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, kwa kawaida hubadilika umbo kwa wakati uliopita, na hukanushwa kwa msaada wa "do": "contains", "contained", "does not contain". Ukiacha "be" na visaidizi vichache kama "can" na "must", vyenye tabia zao, kipimo hiki hakimwangushi mtu. Lijaribu neno "theft" kwa hayo matatu uone kama litakubali hata moja. Mtoto aliyekulia ndani ya Kiswahili hahitaji kubembelezwa hapa, kwani tangu utotoni anakijua kitenzi kwa viambishi vyake: anasoma, tulisoma, hawatasoma.

Dai la pili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana limedumu: yambwa ni nomino inayofuata kitenzi. Kiingereza cha zamani, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilionyesha nani mtenda na nani mtendwa kwa kubadilisha maumbo ya maneno. Mfalme akiwa kiima aliitwa "se cyning". Akiwa yambwa aliitwa "þone cyning". Kwa kuwa umbo lilishasema kila kitu, maneno yaliweza kupangwa kwa uhuru zaidi. Katika karne zilizofuata maumbo hayo yalififia, na kazi yake ikabebwa na mpangilio wa maneno. Leo "The dog bit the man" na "The man bit the dog" zina maneno yale yale, na kinachomtenga aliyeng'ata na aliyeng'atwa ni nafasi tu. Mabaki ya mfumo ule wa kale yamo kwenye viwakilishi: "I" na "me", "he" na "him", "who" na "whom".

Lakini kukifuata kitenzi hakutoshi kumfanya mtu au kitu kuwa yambwa. Tazama sentensi hizi nne:

"Asha consulted a doctor."
"Asha became a doctor."
"Asha wasted the whole night."
"Asha slept the whole night."

Kwa kanuni ya ubaoni, zote nne zina yambwa. Sasa zigeuze ziwe kauli ya kutendwa. "A doctor was consulted by Asha" inapita. "A doctor was become by Asha" haipiti kwa mzungumzaji yeyote wa lugha hiyo. "The whole night was wasted" inapita, ilhali "The whole night was slept by Asha" haipiti. Sababu iko wazi ukitulia. Daktari aliyekuja baada ya "became" ni Asha mwenyewe; ni kijalizo kinachomweleza kiima. Usiku uliokuja baada ya "slept" unajibu swali la muda gani; ni kielezi, ingawa kina sura ya nomino. Yambwa ziko mbili tu, ya kwanza na ya tatu.

Kiswahili chenyewe kina kipimo kizuri kwa kazi hii. Tunasema "Asha alimwona daktari", na kile kiambishi cha yambwa kinajitokeza ndani ya kitenzi. Tunasema "Asha amekuwa daktari", na hakuna mahali pa kukiweka. Tunasema "aliupoteza usiku mzima", lakini nani amewahi kusema "aliulala usiku mzima"? Nashangaa kwamba walimu hawakitumii zaidi kipimo hiki, maana kila mwanafunzi wao anacho mdomoni kabla hajaijua shule. Ila kina mpaka: hudanganya pale ambapo lugha hizi mbili hazikubaliani, na nitafika huko.

Kauli ya kutendwa nayo si hakimu wa mwisho. "Kamau has two cows" ina yambwa, lakini hakuna aliye na akili timamu ya Kiingereza atakayesema "Two cows are had by Kamau." Vitenzi kama "have", "lack", "resemble" na "suit" huchukua yambwa na kukataa kutendwa. Kipimo kimoja kikigoma, leta kingine: badilisha nomino iwe kiwakilishi. "Kamau has them" inakubali, "This dress suits her" inakubali, "Asha slept it" haikubali hata kidogo.

Dai la tatu linapendwa sana kwa sababu linaonekana la kiakili: yambwa ndiyo inayopokea tendo. Je, katika "I received a letter", nani amepokea? Mimi, kiima. Katika "Our team suffered a heavy defeat", kipigo kimetuangukia sisi, na sisi ndio kiima. Katika "The child heard thunder", radi haikufanywa chochote na mtoto. Na katika "She built a house", nyumba haikuwapo ipokee tendo. Imezaliwa na tendo lenyewe. Hali moja ya moyo inaweza hata kugeuzwa mbele nyuma: "I like this song" na "This song pleases me" zinasimulia mapenzi yale yale, lakini kiima na yambwa vimebadilishana viti. Kiswahili kinafanya hivyo hivyo: naupenda wimbo huu, wimbo huu unanipendeza.

Dai hili lina madhara ya wazi kwenye kitenzi kimoja ambacho kila familia hukihitaji, yaani "marry". Kwetu Juma anaoa na Asha anaolewa, na sarufi imewagawia nafasi. Kijana aliyeambiwa kwamba yambwa ni mtendewa anaona jibu moja tu sahihi: "Juma married Asha", na kwa hiyo "Asha was married by Juma." Sentensi hiyo ya pili imeandikwa bila kosa la tahajia wala la wakati, lakini Mwingereza akiisikia atadhani kwanza kwamba Juma ndiye sheikh au padri aliyefungisha ndoa. "Marry" hairuhusu tu, bali imezoea, kumweka yeyote kati ya wanandoa kwenye nafasi ya kiima: "Asha married Juma" ni Kiingereza safi, sawa na "Juma married Asha". Ukitaka kusema kwamba ameolewa, sema "Asha is married to Juma" au "Asha got married to Juma". Mgawanyo wa nani anatenda na nani anatendewa katika ndoa ni wa kwetu. Kitenzi hiki cha Kiingereza hakiujui, na hakuna fasili ya yambwa inayoweza kukufundisha hilo. Ni kitenzi chenyewe kitakachokufundisha.

Dai la nne ni kwamba kila kitenzi ama ni elekezi, yaani huchukua yambwa, ama si elekezi, ukishajua kiko kundi gani umemaliza kazi. Mwaka 1993 Beth Levin alichapisha kitabu kizima, English Verb Classes and Alternations, kinachopanga maelfu ya vitenzi vya Kiingereza kwa kuangalia miundo ambayo kila kimoja kinaweza kuingia na kutoka. Kama kungekuwa na makundi mawili tu, kitabu hicho kingekuwa kijikaratasi. "Open", "break", "melt", "boil", "close": vyote vinakaa na yambwa na bila yambwa. "Juma broke the cup." "The cup broke." Sisi tunatofautisha kwa mnyambuliko, vunja na vunjika, fungua na funguka, chemsha na chemka. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akiona "The cup broke" anahisi kuna kitu kimepungua, anaandika "The cup broke itself" ili aweke alama ambayo lugha yake inaidai. Aambiwe tu kwamba Kiingereza kinatumia umbo moja kwa vyote viwili, na uwepo wa yambwa ndio unaosema kipi ni kipi.

Hata "run", kinachotolewa kila mara kama mfano wa kitenzi kisicho elekezi, kinasema "She runs a hotel in Malindi" bila shida yoyote. Na vitenzi vinavyokaribiana kabisa maana vinaweza kuachana njia. "Eat" kinakubali yambwa na kinakubali kukosa: "We ate", "We ate fish". "Devour" lazima kiwe nayo. "We devoured" ni sentensi iliyokatika. "Dine" hakiitaki: huwezi "dine fish", bali "dine on fish". Vyote vitatu ni kula.

Sasa dai la tano, ambalo naona ndilo linaloacha alama nyingi zaidi kwenye Kiingereza chetu: yambwa ikishajulikana, iache. Mtu anauliza, "Did you buy the book?" Anajibiwa, "Yes, I bought." Anauliza, "Have you seen my phone?" Anajibiwa, "I have seen." Mwalimu anakata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba sentensi haijakamilika, mwanafunzi anabaki kujiuliza imepungua nini.

Kwa kweli hakuacha kitu, na hapo ndipo watu wanapokosea kumhukumu. Kichwani mwake alikuwa anasema "Ndiyo, nilikinunua" na "nimeiona", na katika maneno hayo yambwa imo, ndani ya kitenzi, kwa "ki" na kwa "i". Kiambishi hicho hakiwezi kusimama peke yake, na kwa kawaida hakina mkazo, kwa hiyo kinapohamishwa kwenda Kiingereza hakionekani njiani. Kiingereza hakina tumbo la kitenzi la kukibebea. Kinadai neno kamili, baada ya kitenzi: "I bought it", "I have seen it". Ndugu wa kosa hilo ni "We enjoyed", jibu linalosikika Kampala, Nairobi na Arusha kila baada ya harusi. "Enjoy" kwa Kiingereza sanifu hudai yambwa ikisimulia jambo lililopita: "We enjoyed it", au "We enjoyed ourselves". Tunaposema "tulifurahi" hatudaiwi kitu, na ndiyo maana "we enjoyed" inatutoka bila kuhisi pengo.

Kwa upande wa pili wa jambo hilo hilo kuna anayezidisha. "Nilimwona Juma" ina yambwa mara mbili, kiambishi na jina, na Kiswahili kinaona ni adabu ya lugha. Mwanafunzi anaileta kama "I saw him Juma". Ukimweleza kwamba "mw" na "him" si kitu kimoja, kwamba kimoja ni sehemu ya kitenzi na kingine kinashika kiti cha nomino, atalifuta kosa hilo mwenyewe na halitarudi. Ukimpa adhabu bila maelezo, litarudi.

Haki itendeke: Kiingereza nacho huacha yambwa mahali fulani. Maelekezo ya mapishi husema "Bake for 20 minutes" bila kutaja keki, na maandishi ya chupa ya dawa husema "Shake well before use". Hayo ni matumizi maalumu ya lugha. Huwezi kuchukua ruhusa ya chupa ya dawa ukaitumia kwenye mazungumzo.

Dai la sita halisemwi wazi sana, ila linatendwa: kihusishi hakidhuru, kiongeze ili sentensi inenepe. Ndipo tunapata "discuss about the matter", "request for help", "emphasize on discipline", "He lacks of money" pale inapotakiwa kusemwa "He lacks money", na "enter into the room". Chanzo chake si uvivu. Nomino za vitenzi hivi zinadai kihusishi: "a discussion about land", "a request for help", "emphasis on discipline", "lack of money". Mtu ameishika nomino barabara, akadhani kitenzi kitakuwa na tabia ile ile. Hakina. Kitenzi "discuss" hukamata yambwa moja kwa moja: "We discussed the matter." Ukishaiona tofauti hiyo kati ya nomino na kitenzi chake, makosa mengi ya aina hii huanguka kwa pamoja, na ndiyo maana naona ni kupoteza wakati kumpa mtoto orodha ya maneno ya kukariri bila kumwonyesha chanzo.

Kinyume chake, vipo vitenzi ambavyo kwetu vinashika yambwa na kwao vinataka kihusishi. Tunamsikiliza mtu, tunamsubiri, tunamtazama. Wao "listen to", "wait for" na "look at". Hapa ndipo kile kipimo cha kiambishi nilichokisifu kinapokwama, kwani "nilimsubiri" inaonekana kuahidi "I waited him". Mtaalamu wa sarufi atakwambia kwamba "him" katika "I waited for him" ni yambwa ya kihusishi, na ataongeza kwamba baadhi ya vitenzi vya namna hii vinakubali hata kutendwa, kama "The patient was looked after well". Kubali ugumu huo. Kitenzi na kihusishi chake vinakaririwa pamoja kama neno moja, na hakuna njia ya mkato.

Najua hoja inayoletwa hapa: "discuss about" inasikika pia Nigeria, Ghana na India, watu wanaelewana, kwa nini tusiiite Kiingereza chetu? Kama maelezo ya namna watu wanavyozungumza, hoja hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Lakini mtihani wa kidato cha nne na barua ya maombi ya chuo husahihishwa kwa kipimo kingine. Mwanafunzi ana haki ya kukijua kipimo hicho kabla hakijamkata maksi. Akishakijua, achague mwenyewe azungumze vipi barazani.

Kuna na kinyume cha kuongeza, yaani kupunguza. Nairobi utaambiwa "I will pick you at six." Kiingereza kinataka "pick you up", kwani "pick you" peke yake ni kukuchagua miongoni mwa wengine. Na yambwa ikiwa kiwakilishi, lazima ikae katikati: "pick him up", kamwe si "pick up him", ingawa "pick up the child" na "pick the child up" zote ni halali. Kwa "look after" hakuna uhuru huo. "Look the child after" haipo.

La saba: yambwa zikiwa mbili, iliyo karibu na kitenzi ndiyo tendwa. Katika "I gave Juma a book", kitu kilichotoka mkononi mwangu ni kitabu. Kitabu ndicho yambwa tendwa, au shamirisho kipozi kwa wale waliozoea istilahi hiyo, na Juma ni yambwa tendewa, kitondo. Ukaribu haukubadilisha hilo. Tatizo lililoko nyuma ya dai hili ni kubwa kuliko majina, kwa sababu Kiswahili kina kauli ya kutendea, na kauli hiyo inaweza kumwingiza mtu mwingine karibu katika kitenzi chochote. Pika, mpikie. Eleza, nielezee. Iba, ukaniibia. Kiingereza hakina kiambishi cha kufanya hivyo; kila kitenzi kimejiamulia. "Give", "send", "show", "tell", "teach" na "lend" vinakubali yambwa mbili. "Explain", "describe", "suggest", "say" na "donate" vinakataa. "Nielezee somo hili" haiwezi kuwa "Explain me this lesson". Ni "Explain this lesson to me". Vingi vya vile vinavyokubali ni vifupi na vya asili ya Kigermanik, vingi vya vile vinavyokataa vilipitia Kifaransa au Kilatini, lakini usijenge sheria juu ya hilo: "promise" ni ya Kilatini na inakubali.

Mahali panapouma zaidi ni wizi. Mtu ameporwa simu kwenye daladala, anakwenda kutoa taarifa kwa Kiingereza, anasema: "I was stolen my phone." Kwa Kiswahili "niliibiwa simu" haina dosari: ibia imemfanya aliyeibiwa kuwa yambwa, na kutendwa kukampandisha kuwa kiima. Kiingereza kina "steal", ambacho yambwa yake ni kitu kilichochukuliwa, basi. Ukiwa wewe ndiye kiima cha "was stolen", basi wewe ndiye uliyebebwa. Ukitaka kuanza na mwathirika, badilisha kitenzi: "rob" yambwa yake ni mtu au mahali. "I was robbed of my phone." "They robbed the bank." Au kaa na "steal" uanze na simu: "My phone was stolen." Vitenzi hivi viwili vinagawana tukio moja, kimoja kikimshika mtu na kingine kikishika mali, na mwanafunzi aliyekariri kwamba vyote ni "kuiba" hana njia ya kujua.

Mengine niyapitie haraka. Wanaosema kielezi kinakaa popote wamesahau kwamba Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa fupi: "She speaks English well", si "She speaks well English", hata kama kwetu "anazungumza vizuri Kiingereza" inapita. Wanaosema "and I" ni adabu kuliko "and me" wanazalisha "He gave it to Juma and I". Mwondoe Juma, usikie kinachobaki: "He gave it to I".

Dai la mwisho ni la kukata tamaa: sarufi haina faida, Kiingereza hujifunzwa kwa kusikia. Mtoto wa London ana haki ya kusema hivyo. Anakisikia nyumbani, sokoni na ndani ya basi. Mwanafunzi wa Songea au Kwale anakisikia zaidi kwa mwalimu wake, ambaye naye alikisikia kwa mwalimu wake. Kwake kusikia kunahitaji msaada, na msaada huo upo muda mrefu. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani, aliona kwamba mgeni hahitaji maana ya kitenzi tu, anahitaji kujua kinaambatana na nini. Kamusi aliyoiandaa na wenzake ikatoka Tokyo mwaka 1942 na baadaye kuchapwa na Oxford mwaka 1948, ikionyesha muundo wa kila kitenzi. Kamusi za wanafunzi za leo zimerithi kazi hiyo: herufi T ni kitenzi kinachotaka yambwa, herufi I ni kisichotaka, na mifano inayofuata inaonyesha kihusishi chake. Wanafunzi wetu wengi wenye kamusi ya namna hii au programu yake kwenye simu wanaifungua, wanasoma maana, wanaifunga bila kuziangalia herufi hizo.

Kwa hiyo daftari la msamiati liandikwe tofauti. Badala ya "discuss: kujadili", andika "discuss something". Badala ya "explain: kueleza", andika "explain something to someone". Kisha "listen to someone", "wait for someone", "enjoy something", "pick someone up", "marry someone". Na kwa yule wa daladala, mistari miwili, mmoja chini ya mwenzake: "steal something from someone", "rob someone of something".